Umeme wa Chumba cha Eda

Wajukuu zangu wananiita mkaguzi. Nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla sijaulizwa chai au maji, macho yameshapanda ukutani kutafuta waya unapita wapi. Na kama nyumba ni ya zamani, basi tena, mdomo haunyamazi. Nitauliza fyuzi zilifungwa na nani. Nitauliza kama kuna waya wa ardhi, na kwa nini soketi imewekwa karibu na mtungi wa maji. Mwenyeji mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, umekuja kula ubwabwa au umekuja kutukatia umeme?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini ubwabwa haukushuka vizuri. Mimi nimewahi kukata umeme nyumbani kwetu, na mpaka leo sijajisamehe.

Nyumba yetu ilikuwa Biharamulo mjini, kwenye mtaa wa maduka. Baba aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyehamia Mwanza. Baba alikuwa na mipango mikubwa ya duka, maskini, kisha yakaja maduka ya ushirika, na chumba cha mbele kikabaki cha kuwekea magunia matupu. Asili yetu ni pwani. Babu mzaa mama alifika huku na biashara ya chumvi na nguo, akaoa, akazeeka, hakurudi. Mama alizaliwa hapohapo. Sokoni aliongea Kisubi cha wenyeji, ndani aliongea Kiswahili cha baba yake, na kwenye mambo ya dini alikuwa hana mchezo.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya udongo na mabati, na umeme wake ulikuwa mkongwe kuliko mimi. Waya zilikuwa zimevishwa mpira na kitambaa, zikapigiliwa misumari juu ya vipande vya mbao. Mpira ulikuwa umekauka, ukiugusa unapukutika. Soketi ilikuwa moja tu nyumba nzima, chumbani kwa wazazi, kando ya kitanda cha chuma, kwa sababu baba alipenda kusikiliza redio akiwa amejilaza. Mvua zikianza ukuta ule ulilowa kuanzia juu hadi chini. Ukishika kitanda huku umeegemea ukuta, vidole vilikuwasha. Tulijua wote. Tulisema "ukuta unatekenya", tukacheka, tukaendelea na maisha.

Umeme wenyewe ulitoka kwenye injini ya dizeli ng'ambo ya mji. Uliwashwa magharibi na kuzimwa saa nne. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, naishi na wazazi. Mdogo wangu wa pekee alikuwa dereva wa lori la ushirika. Vita vilipozuka mpakani, lori likachukuliwa kwenda kaskazini, na yeye akachukuliwa nalo. Alipita nyumbani akala wali amesimama, akambusu mama mkono, akaondoka na kipande cha muhogo mfukoni.

Hazikupita wiki nyingi baba akafariki. Aliamka na maumivu ya kifua, na jua lilipozama tulikuwa tumeshamzika. Barua kwa mdogo wangu tuliwapa madereva waliokuwa wakielekea huko, lakini nani angejua kama imefika.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, hajipambi, haonwi na mwanamume asiye ndugu. Hayo ndiyo ya dini. Ila wanawake wa mtaa wetu waliongeza yao: asihame chumba alichofia mumewe, na hata kivuli cha mwanamume wa kando kisiingie humo. Sikujua walikoyatoa. Nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa naogopa wasije wakasema, huyo kasoma, kashasahau dini.

Kwa hiyo mama akakaa mle ndani na kitanda cha chuma, ukuta unaolowa, na redio ya baba. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya umeme mtupu, haijui betri. Betri zenyewe mwaka ule zilikuwa hazionekani hata kwa dawa. Kila jioni, karibu na isha, kilikuwapo kipindi cha salamu za walioko vitani, sauti zao wenyewe zimerekodiwa hukohuko. Mama hakuwa na habari na kipindi kingine. Alitaka kujua jambo moja tu duniani, kama mwanawe yu hai, na kama yu hai, amejua kwamba baba yake hayupo.

Sasa fikiria. Mama anatawadha kwa ajili ya isha, mikono inachuruzika maji mpaka viwikoni, anasikia kipindi kinaanza redioni, anaikimbilia kuongeza sauti. Kitufe cha sauti kilikuwa kimepotea siku nyingi, kimebaki kijiti cha chuma kitupu. Huku mkono mmoja umeshika kitanda, mwingine unazungusha chuma.

"Mama, mikono!" nilikuwa nasema, namshika, namfuta kwa kanga yangu.

"Niache bwana. Maji ya udhu hayafutwi, yanaachwa yakauke yenyewe."

"Basi subiri yakauke."

"Na mwanangu atasubiri?"

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Akilalamika asubuhi kwamba mkono una ganzi, mimi nilimwambia ni msiba, mwili umechoka kulia. Nilisema hivyo kwa sauti ya kialimu, na yeye akaniamini. Hilo nalo linaniuma, maana nilijua vizuri kabisa ule ukuta unatekenya.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha sana. Nilikuwa uani nahangaika na kuni mbichi, nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni, mkono umejikunja kifuani, midomo imekuwa myeupe. Redio ilikuwa inaimba tu, haina habari. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alipofumbua macho, neno la kwanza aliloniuliza ni, "Salamu zimeshapita?"

Kesho yake nilimleta fundi aliyekuwa akiitunza injini ya mji na kufunga umeme kwenye nyumba za watu. Alikuwa mzee wa maneno mengi, mwenye kujisifu mpaka unachoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akafungua sanduku la fyuzi kule chumba cha mbele, akapiga mluzi.

"Ni mshenzi gani kaweka waya mnene hivi badala ya fyuzi?" akauliza. Akausogelea, akautazama vizuri, akaanza kucheka. "Loo! Ni mimi huyu. Baba yako alichoka fyuzi kukatika kila mvua, akaniambia fundi, niwekee kitu cha kudumu. Nikamwekea."

"Na ubaya wake nini?"

"Fyuzi kazi yake kuungua, mwalimu, ili nyumba isiungue. Hii haiungui ng'o. Itaanza nyumba." Aliacha kucheka. "Na waya wa ardhi hamna. Umeme ukivuja unatafuta njia. Kama mama ndiye kashika chuma, njia ni mama."

Akataka kuingia chumbani. Wanawake wawili waliokuwa wamekuja kukaa na mama wakasimama mlangoni, wakamwambia haiwezekani, mle mna mtu wa eda. Fundi akanitazama mimi. Nami mwalimu mzima, mwenye ulimi unaowatetemesha watoto sitini, niliangalia chini. Akaguna, akasema waya mpya kwanza hazipo, vita vimemaliza kila kitu, tusubiri eda iishe. "Ila kwa sasa zimeni swichi hii kubwa. Msiiguse mpaka nije mimi."

Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza mwalimu wa msikitini. Alishangaa. Akasema mama angejitanda, angehamia chumba cha pili, fundi akaingia akafanya kazi yake, kuna ubaya gani, hiyo ni dharura. Na fundi naye akaniambia kwamba kuing'oa ile soketi na kuihamishia chumba cha mbele, penye ukuta mkavu, ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, hata bila waya mpya. Yote mawili niliyapata kwa kuuliza. Nilikuwa nimechelewa.

Nilimweleza mama alichosema fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukizima, nitamsikilizia wapi?"

"Nitakuletea habari mimi, kila siku."

"Habari za vita nizifanyie nini? Mimi namtaka mwanangu." Akanikazia macho. "Usiuguse umeme wangu. Nimekukataza."

Nikasema sawa, mama. Jioni ile nikaenda chumba cha mbele, nikaishusha swichi, nikarudi nikamwambia umeme umekatika.

Uongo wangu ulikuwa na wasaidizi wengi. Kulikuwa na amri ya giza: kila nyumba izibe madirisha kwa mablanketi, na mgambo walipita wakipiga kelele wakiona hata upenyo. Mtaa wote ulikuwa mweusi, kwa wenye umeme na wasio nao. Mama alikuwa hatoki. Wageni wake walikuja mchana, wakati injini imelala. Siku upepo ulipoelekea kwetu na mngurumo ukasikika, aliinua kichwa akauliza, "Mbona injini inalia?" Nikamwambia wanawasha kwa ajili ya hospitali tu, dizeli haitoshi, imepelekwa vitani.

Nilitegemea atanung'unika. Badala yake uso wake ukafunguka.

"Acha iende," akasema. "Lori la mwanangu linakunywa nini, kama si dizeli?"

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala, aliiombea dua ile dizeli. Ifike salama, isimwagike, imrudishe mwanawe. Nilikuwa nyuma yake kwenye mkeka, naitikia amina. Jamani! Niliitikia amina kwa uongo wangu mwenyewe, jioni baada ya jioni. Alikaa gizani kwa hiari, akikataa nimwashie koroboi kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ya kupanga foleni, akiniomba msamaha kwamba ananipa shida. Mkono wake ulipona ganzi. Alianza kula. Nilimtazama akimenya ndizi kwa vidole vyake vyote, nikajiambia, umefanya vizuri, kisha nikageuza uso.

Nilifikiria kuazima redio. Lakini kumwomba mtu redio yake mwaka ule, kila nyumba ina mtoto wake huko, ningeanzaje? Na ningeomba nikisema nini, wakati mtaa wote unajua umeme upo? Ukishadanganya mmoja inabidi uwafiche kumi. Nikaacha.

Zilipita wiki tatu hivi. Asubuhi moja, siku ya Jumapili, nakoroga uji, nikasikia hodi ya haraka haraka. Alikuwa jirani yetu wa nyuma, mama wa Kisubi, Mkristo, mcheshi sana, mumewe alikuwa karani bomani. Alikuwa amevaa nguo za kanisani tayari. Alinipita jikoni kama hanioni, akaingia moja kwa moja kwa mama.

"Mama, hongera! Nimekuja tucheze!"

"Tucheze nini, mwenzangu, na eda hii?"

"Si mwanao! Jana jioni! Usiniambie hukumsikia!"

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nilisimama mlangoni nao, uji unadondoka sakafuni.

Mama alikuwa ameinuka nusu kitandani. "Umemsikia wapi?"

"Redioni, wapi tena? Sauti yake mwenyewe. Kasema yeye ni dereva, mzima kabisa, anamsalimu mama yake aliyeko Biharamulo. Kasema habari za baba kazipata, kalia, sasa kanyamaza, na mama naye anyamaze. Ndivyo alivyosema, nimeshika maneno yote. Nikamwambia mume wangu, huyo mama sasa hivi analia kwa furaha."

Mama alishika kifua. Alicheka, akalia, akamshika jirani mikono yote miwili. "Sauti yake ilikuwaje? Haikuwa na kikohozi?"

"Ilikuwa sauti yake tu, mama. Ileile."

"Alikuwa anaongea haraka au polepole?"

"Polepole. Kama mtu anayesoma alichoandikiwa."

"Ee Mola wangu." Alijifuta macho, akatabasamu. "Na wewe una bahati, mwenzangu. Betri umezipata wapi?"

"Betri? Nizitoe wapi mie? Ni ya umeme."

Jirani alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama redio pale mezani, na nikaona anaanza kuelewa kwamba kuna jambo amelivunja bila kulijua. Akasema kengele ya kanisa imeshalia, akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Mama hakupaza sauti. Ningeshukuru angepaza. Alijilaza upande, akaelekea ukutani.

"Mwalimu," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo maisha yake yote. Kwake nilikuwa mwanangu, au we mtoto. "Ile dizeli niliyokuwa naiombea dua, iko wapi?"

Nikamweleza yote. Nilieleza kama mtoto aliyekamatwa, maneno yanakanyagana: fundi kasema, waya mnene, mkono wako, ningekuzika wewe na baba mwaka mmoja. Nilipomaliza aliniambia uji unaungua. Kweli ulikuwa unaungua.

Jioni ile niliipandisha swichi. Sikumwachia aiguse redio. Nilivaa kandambili za mpira, nikakausha mikono kwa majivu na kanga, nikamkalisha mama mkekani mbali na kitanda, nikazungusha kile kijiti mimi, kwa fundo la kitambaa kikavu. Nilifanya hivyo kila jioni mpaka vita vikaisha, na salamu zikimalizika naishusha swichi tena. Nilijiambia kama kuna atakayenaswa, niwe mimi. Wala si ushujaa huo. Nilikuwa natamani kidogo ninaswe, Mungu anisamehe. Tulisikia vijana wa Bukoba, wa Ngara, wa Tabora, wa Lindi, wakisalimu mama zao. Mmoja wa Bugarama alisahau jina la mchumba wake kwa woga, mama akacheka, na mimi kwa kumwona anacheka nikataka kumpigia magoti. Wetu hakurudi tena redioni. Alikuwa ameshapata zamu yake.

Eda ikaisha. Vita navyo vikaisha, malori yakapita mjini watu wamepanda juu wakiimba, sisi tukasimama barabarani kutazama nyuso. Baadaye balozi wa nyumba kumi alikuja na wanaume wawili waliovaa sare. Hawakuketi. Walisema lori la mdogo wangu lilikanyaga bomu njiani, tena kabla ya vita kumalizika, na alizikwa hukohuko. Nilifanya hesabu ya tarehe waliyoitaja usiku ule kama mwendawazimu. Ilikuwa siku chache tu baada ya ile Jumamosi ya salamu.

Fundi alitimiza ahadi yake, mara tulipofuata waya mpya Mwanza. Akabadili kila kitu. Akaweka fyuzi nyembamba inayostahili, akaingiza waya ndani ya mabomba, akachimbia nondo ya waya wa ardhi kule uani, akapandisha soketi juu, penye ukuta mkavu. Siku alipong'oa zile mbao za zamani chumbani kwa mama, aliita watu kwa sauti. Wakaja wanawake wa mtaa, wakaja na wale wawili waliosimama mlangoni. Nyuma ya kichwa cha kitanda ubao ulikuwa umekuwa mkaa. Waya ulikuwa umebaki shaba tupu, unagusa chuma.

"Tazameni!" fundi alisema, amefurahi kana kwamba kauchoma yeye. "Wiki moja zaidi mama akishika chuma hiki, hapa tungekuwa tumezika. Mwalimu kazima kwa wakati. Mwalimu kamwokoa mama yake, wallahi!"

Wanawake wakanishika mabega, wakanipongeza, mmoja akapiga kigelegele kabla hajakumbuka kwamba nyumba ina msiba. Sikujua pa kuweka uso wangu. Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti na ushungi wake, anautazama ule ubao mweusi. Akausogelea, akaupapasa kwa kiganja, vidole vikatoka na masizi.

Watu walipotawanyika tulibaki wawili. Nilisema, "Mama."

"Fundi hasemi uongo," alisema. "Umeniokoa, mwanangu. Mungu akulipe." Alifuta masizi kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, hana haraka. "Ila ningekuwa nimekufa nimemsikia. Ningekufa nimeshiba."